UZI: Mississippi John Hurt, mzee aliyefuatwa kwa ramani baada ya miaka 35 kisa wimbo wake mwenyewe

dole_gumba (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Kwenye uzi wa magitaa niliahidi namleta mzee mmoja hapa, nikaulizwa mara tatu "vipi mkuu umekula kona", sasa umeme umerudi na watoto wamelala, vuteni viti.

Ukimtajia mtu bluzi ya kizamani, ile ya mtu mmoja na gitaa lake kavu, picha inayomjia ni jamaa mlevi, ana bastola, roho kaiuza, anakufa kijana. Leo simleti huyo. Namleta mzee mpole, mkulima, mchunga ng'ombe wa watu, kofia haimtoki kichwani, anaimba kwa sauti ya mtu anayeongea na wewe barazani asimwamshe mgonjwa ndani. Na bado ukikaa na gitaa ukajaribu kumfuata unaomba poo.

Jina kamili John Smith Hurt. Kazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 sehemu inaitwa Teoc, kaunti ya Carroll, Mississippi (hapo Teoc ndipo lilipokuwa shamba la ukoo wa McCain, ndiyo, ukoo wa yule seneta aliyechuana na Obama 2008). Akiwa mdogo kabisa familia ikahamia Avalon hapo jirani na Avalon ndiyo ikawa kwao mpaka anaingia kaburini, ukitoa miaka michache ambayo nitaisimulia. Avalon siyo mji wakuu, ni duka, barabara, na vijumba vimetawanyika pale vilima vinapoishia na tambarare ya pamba inapoanzia.

Gitaa alianza hivi. Mwalimu wake wa shule alikuwa na mchumba mitaa ile, akija kumwona analala kwao John, na gitaa lake analo. Dogo alikuwa haruhusiwi kuligusa. Sasa anasubiri mwalimu akishakoroma, ananyata, analichukua, analipiga kwa ncha za vidole ili lisisikike. Hii ni tafsiri yangu binafsi lakini mimi naona ule upigaji wake wa kunong'ona umetokea hapo, kwa mtoto anayeiba muziki usiku. Alipofika miaka 9 hivi mama yake akamnunulia la kwake, dola 1.50, akalibatiza jina Black Annie. Shule akaacha mapema, akaingia shamba.

Hakufundishwa na mtu. Alisema mwenyewe kwamba alilipiga vile alivyoona linapaswa kulia. Akawa ndiye mpigaji wa kijiji, ngoma ya Jumamosi anaitwa, shughuli ya wazungu anaitwa, shughuli ya weusi anaitwa. Kuna kundi la wauza dawa za mitishamba, wale wanaozunguka na wapiga muziki kukusanya watu, lilitaka kumchukua akakataa, hakutaka kuwa mbali na nyumbani. Shikeni hilo la kutotaka kuwa mbali na nyumbani maana ndilo lililomzika na ndilo lililomfufua.

Nashusha sehemu ya pili, ngoja nichemshe chai.

---

Chai ya Rangi

Nimekaa pale. Ila mkuu chai unachemsha saa hizi ya nini, shusha kwanza

---

mtani wa jadi

Mimi namjua Robert Johnson tu, yule wa bluzi anayesemwa aliuza roho kwa shetani njia panda. Huyu naye alienda njia panda au alikuwa mlokole

---

dole_gumba

Mtani nakuja kwako, tumalize hili kwanza.

SEHEMU YA PILI. Pale Avalon palikuwa na mzungu anaitwa Willie Narmour, mpiga fidla, anapiga na mwenzake Shell Smith. Smith akikosekana John anachukuliwa kujaza nafasi ya gitaa. Mississippi ya wakati ule mweusi na mzungu hawali meza moja lakini kwenye kukamata gitaa nyuma ya fidla walikuwa wanapatana tu. Narmour akashinda shindano la fidla, zawadi ikiwa nafasi ya kurekodi na OKeh, kampuni ya santuri. Prodyuza wa OKeh, Tommy Rockwell, alipomfuata akauliza kuna nani mwingine huku anajua kupiga, Narmour akampeleka moja kwa moja nyumbani kwa John. Mzee akatoka, akapiga nyimbo mbili tatu, kazi imekwisha, anatakiwa Memphis.

Februari 1928 Memphis. Nataka muione hii. Ukumbi mkubwa mtupu, ndani watu watatu tu, yeye, Rockwell na fundi mitambo. Akawekwa kwenye kiti, maikrofoni ikasogezwa mpaka mdomoni, wakishapata usawa wanaoutaka akaambiwa usitikisike, kichwa hapo hapo. Mtu aliyezoea kupiga huku watu wanacheza mbele yake, anacheka nao, leo kichwa kimegandishwa kama anapigwa picha ya pasipoti. Alikuja kusimulia kwamba woga ulimshika na shingo ilimuuma siku kadhaa. Alirekodi nyimbo nane, ikatoka santuri moja, Frankie upande mmoja na Nobody's Dirty Business upande wa pili. Na hiyo Frankie, mtu wa shingo inayouma, isikilizeni halafu mniambie hayo magitaa ni mangapi. Ni moja!

Santuri haikufanya vibaya, ikaja barua: njoo New York, dola 20 kwa kila wimbo utakaokubaliwa, nauli juu yetu, anza kuandaa nyimbo. Desemba 1928 akaenda. Kule akakutana na Lonnie Johnson ambaye alikuwa supastaa wa gitaa wakati ule, akawa ndiye mwenyeji wake. Lakini baridi, majengo, kelele, mtu wa Avalon roho inavutwa nyumbani. Akatunga wimbo kuhusu kukumbuka kwao, akasema kwa jina kabisa kwamba mji wangu ni Avalon na hautoki akilini, akaurekodi, akauacha pale akarudi zake. Avalon Blues.

Oktoba 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, nani ananunua santuri na hana unga. Biashara ikafa, simu hazikuja tena (na simu yenyewe hakuwa nayo). Narudia, jamaa HAKUONEKANA tena studio mpaka 1963.

---

MamaZai

Miaka 35?? Alikuwa anafanya nini sasa

---

dole_gumba

Alikuwa analima, dada. Pamba na mahindi, shamba la mwenye shamba, mnagawana mavuno, na mahesabu anayashika yeye, msimu ukiisha unaambiwa bado unadaiwa. Kuchunga ng'ombe. Huko nyuma aliwahi kufanya kibarua cha reli miezi kadhaa, na hapo ndipo alipookota Spike Driver Blues kutoka kwa mtu wa genge lake. Ule wimbo ni wa mtu anayepigilia misumari ya reli, anamwambia mwenzake chukua nyundo hii mpelekee nyapara, mwambie nimeondoka, nyundo hii ilimuua John Henry (yule mpiga nyundo wa hadithi za reli) mimi hainiui. Sasa sikiliza anavyouimba. Mwingine angepaza sauti, agonge meza. Yeye anakuambia kwa utaratibu kabisa kama mtu anayeaga kwenda sokoni, na kwa sababu ya huo utaratibu wewe unajua huyu kweli haonekani tena hapa kesho.

Na jioni anapiga kwa majirani kama kawaida. Hakukaa barazani anasubiri gari la studio. Watu wengi wakisimulia habari yake wanasema "alipotea miaka 35", mimi neno hilo silipendi. Kapotea kwa nani? Pale Avalon kila mtu alikuwa anajua nyumba yake.

---

mtani wa jadi

Hujanijibu njia panda mkuu

---

dole_gumba

Haya mtani. Robert Johnson alikufa Agosti 1938 karibu na Greenwood, ana miaka 27, na kutoka Greenwood hadi Avalon ni safari fupi tu. Kwa hiyo usiku ule anakufa, huyu mzee wangu pengine alikuwa kitandani kachoka na jembe. Habari ya roho na shetani ni simulizi zilizokuja kunogeshwa baadaye, sisi wenyewe mambo ya njia panda na yai viza tunayajua kwa hiyo yanatuingia haraka. Simkandii Johnson, yule ni hatari. Ila watu wakishaipata ile hadithi wanadhani bluzi yote inanuka kiberiti.

Hurt alikuwa na tenzi za kanisani kwenye mkoba, kule New York 1928 alirekodi Blessed Be the Name. Halafu mtu huyo huyo ana Candy Man, huo wimbo wa muuza pipi mtu mzima akisikiliza vizuri anajua pipi yenyewe siyo ya dukani. Alikuwa na nyimbo za mauaji, za kazi, za sinagogi hapana, za kanisa ndiyo, za dansi, vitu vingine vya zamani kuliko hata hilo neno bluzi. Ni kama mzee wa kijiji mwenye ngoma zote, ya harusi anayo, ya msiba anayo.

---

Chai ya Rangi

"za sinagogi hapana" 😂😂 nani kauliza

---

Bin Sefu

Kaka nimemsikiliza sasa hivi, Louis Collins. Mashallah sauti tamu, nimeiweka bibi yenu alale. Wimbo wa nini?

---

dole_gumba

Mzee wangu Bin Sefu shikamoo. Ni wa mtu kapigwa risasi 😂 Louis kauawa, mama yake analia, watu wanavaa nguo za msiba, malaika wamemlaza. Alisikia majirani wakiongea kuhusu huo ugomvi akautungia wimbo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakuna hasira, hakuna hukumu, muuaji hatukanwi. Ni sauti ya mtu aliyekaa nyuma kwenye mkeka wa matanga anaongea chini chini na aliyekaa naye.

---

Bin Sefu

Marahaba. Nimeizima.

---

dole_gumba

SEHEMU YA TATU, kufufuka.

1952 jamaa anaitwa Harry Smith, mkusanyaji wa santuri kuukuu, alitoa mkusanyiko wa rekodi 84 kupitia kampuni ya santuri ya Folkways. Ndani akaweka mbili za Hurt, Frankie na Spike Driver Blues. Vijana wa mijini, wengi wanafunzi wa kizungu, wakazishika kama msahafu. Wakawa wanajiuliza huyu mtu ni nani, yuko wapi, wengi wakahitimisha kashakufa.

Halafu wakusanyaji wawili wa eneo la Washington, Dick Spottswood na Tom Hoskins, wakapata mkanda wenye Avalon Blues. Si ndiyo kasema mwenyewe kwao ni Avalon? Kwenye ramani za kisasa haipo. Wakaipata kwenye atlasi ya 1878, kakidoti kati ya Greenwood na Grenada. Mwaka 1963 Hoskins akaingia kwenye gari akashuka Mississippi, akasimama duka la pale Avalon, akauliza wazee waliokaa nje kama kuna mtu amewahi kumsikia John Hurt. Akaonyeshwa njia kwa kidole: panda kilima, sanduku la barua la tatu.

Sanduku la barua la tatu. Nchi nzima ya wasomi inasema marehemu.

Mzee akatokea, akamwona kijana wa kizungu asiyemjua anamuuliza kwa jina. Akajua ni polisi au FBI, akaanza kujitetea kwamba hakuna kosa alilofanya. Msicheke haraka. Kijiji cha Money ambako mtoto Emmett Till alichukuliwa usiku akauawa 1955 kiko maeneo hayo hayo ya Greenwood. Na 1963 yenyewe weusi wa Greenwood walikuwa wanaandamana kudai kuandikishwa kupiga kura, polisi wanawaachia mbwa. Mzungu mgeni mlangoni akikutaja jina siyo habari njema hata kidogo.

Hoskins akataka uhakika, akampa gitaa, maana wakati huo mzee hata gitaa hakuwa nalo. Dole gumba likaanza kutembea kama jana. Sauti imezeeka kidogo, imeshuka, mimi naiona imekuwa nzuri zaidi.

Mwaka huo huo wa 1963 Julai yuko Newport, tamasha la muziki wa kiasili, mbele ya maelfu, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikamrekodi. Akahamia Washington na mkewe Jessie na wajukuu, akawa anapiga kwenye mgahawa wa kahawa, akapiga ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall kule New York, akatokea kwenye kipindi cha runinga cha Johnny Carson. Watu wa Newport wakajitolea kumnunulia gitaa, akaambiwa chagua lolote dukani, akachukua Guild moja ya kawaida tu isiyo na mapambo. Ile bendi ya Lovin' Spoonful jina lake limetoka kwenye wimbo wake Coffee Blues. Miaka mitatu tu hiyo jamani. Baadaye alirudi Mississippi kwao, akafariki Grenada tarehe 2 Novemba 1966, moyo. Kazikwa Avalon.

---

Likasi Boy

Bandugu mimi nimekulia Katanga. Nasoma uzi wote huu hakuna aliyemtaja Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu! Wimbo wake Masanga alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, 1952 pale Jadotville ambayo leo ni Likasi, tena kaimba Kiswahili. Dole gumba na kidole cha shahada tu, gitaa moja linatoa besi na linatoa sauti ya juu. Huyu mzee wenu na Bosco mbona kama watoto wa mama mmoja?

---

dole_gumba

Likasi Boy karibu sana, nilikuwa nakungoja wewe. Masanga naipenda kufa. Nisikudanganye lakini, sisemi mmoja alimsikia mwenzake. Ila tatizo walilokuwa wanatatua ni moja: niko peke yangu, watu wanataka kucheza, nifanyeje gitaa moja liwe ngoma na muimbaji? Wote wawili wakaipa besi dole gumba na utamu wakauacha kwa vidole. Tofauti naisikia kwenye mwendo. Bosco dole gumba lake linarukaruka, besi zake zinajibizana na zile za juu mpaka unapoteza wapi mwanzo. Hurt dole gumba ni saa ya ukutani, halichelewi haliwahi, na juu yake vidole vinachelewa vinapotaka. Na Hurt anatumia vidole viwili pamoja na dole gumba, vilivyobaki anavituliza kwenye ubao wa gitaa.

---

kericho_mix

Sasa sisi wa Kenya tukichangia tutaambiwa tunajipendekeza, lakini kuna mwenzake wa Mississippi aliyefika kwetu kwa santuri, Jimmie Rodgers wa Meridian, mzungu lakini anaimba bluzi na ile sauti ya kupinda. Wakipsigis wakamsikia wakamgeuza Chemirocha, nusu mtu nusu swala, Tracey akarekodi wasichana wakimwimba mwaka 1950. Kwa hiyo wakati Mmarekani hajui Hurt yuko wapi, msanii wa Mississippi alikuwa tayari mnyama wa porini Kericho 😂

---

mtani wa jadi

Huu uzi umeenda mbali mpaka nimesahau nilikuja kubishana. Mkuu mimi nina gitaa ndani limejaa vumbi, naanzia wapi?

---

dole_gumba

Louis Collins, mtani. Shika kodi ya C (siyo ile ya serikali). Siku za kwanza sahau vidole vyote, dole gumba peke yake: uzi wa tano, uzi wa nne, uzi wa tano, uzi wa nne, sawa na mguu wako unavyogonga sakafu. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili, mke wangu akaja kuniuliza hili gitaa lina ugonjwa gani mbona linasema neno moja. Vumilia. Siku utakayoweza kuongea na mtu, hata kumjibu "ndiyo maharage yameiva", na dole gumba halijasimama, hapo ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa pili. Mara kinaangukia pamoja na dole gumba, mara kinaangukia katikati, na hapo katikati ndipo Hurt anapoishi.

Halafu sikiliza kitu kimoja. Anaweza kuimba mstari akaukata, neno la mwisho halisemi, gitaa ndilo linamalizia. Mkono unaujua wimbo kama mdomo. Mimi mwaka wa pili huu, mdomo ukifunguka mkono unasimama, mkono ukienda mdomo unasahau maneno, kama mtu anayejifunza kupapasa tumbo huku anagonga kichwa.

---

Chai ya Rangi

Nyumba yake ipo mpaka leo?

---

dole_gumba

Ilikuwepo. Mjukuu wake aliigeuza makumbusho hapo hapo Avalon, vyumba vitatu vya mbao na bati juu. Februari 2024 ikaungua moto.

---

Chai ya Rangi

Daah

---

MamaZai

Nimejaribu hiyo ya uzi wa tano uzi wa nne tangu juzi. Jana usiku mtoto kasumbua nikampigia hivyo hivyo vibaya vibaya huku namwimbia mwimbo wa Louis kwa kumumunya maana maneno siyajui, kalala. Sijamwambia unahusu nini.

---

dole_gumba

😂😂 Usimwambie. Ila ile sauti uliyonitumia inboksi, uzi wako wa pili umeshuka, ukaze kidogo kabla hajaamka.